Mfungishaji hana leseni: je, ndoa ni batili?

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: kama mchungaji, padri au shehe aliyewafungisha ndoa hakuwa na leseni ya serikali, eti ndoa yenu haikuwahi kuwepo. Una chembe ya ukweli, ndiyo maana unaaminika.

Ni kweli kwamba nchini Tanzania cheo cha dini peke yake hakitoshi. Mfungishaji anahitaji leseni. Lakini kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinailinda ndoa iliyotimiza masharti mengine, hata kama mfungishaji hakuwa na mamlaka, isipokuwa nyote wawili mlilijua hilo wakati wa kufunga. Sheria ya Kenya ya 2014 nayo inabatilisha pale tu wote wawili walipomruhusu kwa makusudi asiye na mamlaka. Kinachobatilisha ndoa hasa ni mambo mazito zaidi, kama kukosekana kwa ridhaa.

Wengi pia huchanganya leseni na usajili. Kwa sheria hiyohiyo ya Tanzania, kutosajili hakuifuti ndoa, ingawa bila shahada ya ndoa (cheti) utahangaika kwenye mirathi.

Unayechagua mfungishaji, omba kuiona leseni, kisha uliza ofisi ya usajili wa ndoa wilayani. Fanya hivyo kabla ya kutoa taarifa ya kusudio la kuoana, ile inayotakiwa angalau siku 21 kabla ya ndoa, si kadi zikishagawiwa. Mashahidi wasipungue wawili, na majina yasomwe kabla ya kusaini.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze: unawatia hofu watu wenye ndoa halali.