Kujichapishia kitabu cha picha: maana yake na kazi iliyomo

Kujichapishia ni mwandishi kujitwika kazi zote ambazo kwa kawaida hufanywa na kampuni ya uchapishaji: kumlipa mchoraji na mhariri, kuamua kitabu kiwe cha ukubwa gani na bei gani, kukitafutia nambari, kukipeleka kiwandani, kukihifadhi na kukiuza. Faida ikija ni yake. Makasha ya vitabu yakibaki chini ya kitanda, nayo ni yake.

Wengi huchanganya jambo hili na kupiga chapa. Mwenye mashine kule Mombasa au Nairobi anapiga chapa tu: unampa faili, anakupa makasha, mmemalizana. Hakuulizi kama hadithi inaeleweka, kama mtoto wa miaka mitano ataicheka, wala kama yuko mtu wa kuinunua. Maswali hayo ni ya mchapishaji, na ukijichapishia mchapishaji ni wewe.

Kuna mpango mwingine unaojifanya kuwa uchapishaji wa kawaida au kujichapishia. Kampuni inakusifu mswada, inakutaka uchangie gharama, kisha mkataba unaipa haki za kitabu na wewe unabaki na asilimia ndogo ya mauzo. Katika uchapishaji wa kawaida kampuni hulipa gharama na mwandishi hupata mrabaha, yaani sehemu yake ya mauzo. Katika kujichapishia mwandishi hulipa na kila kitu ni chake. Ukiambiwa ulipe na pia uachie haki, mimi nakushauri uinuke uende zako.

Sasa, kitabu cha picha. Hiki si hadithi iliyotiwa mapambo. Picha hubeba nusu ya hadithi, pengine zaidi. Tuseme unaandika habari za punda wa Langoni, mtaa wa mjini Amu (Lamu), aliyegoma katikati ya kichochoro na mzigo wake wa mchanga. Maandishi yanasema tu, "Punda aligoma." Picha inaonyesha paka amelala mbele ya kwato na watoto wake wanne. Mtoto anayesomewa anamwona paka kabla ya msomaji mkubwa kufika mwisho wa sentensi, na hapo ndipo anapocheka. Ukiandika pia kwamba punda aligoma kwa sababu ya paka, umemnyang'anya ugunduzi wake. Ndiyo maana maandishi ya kitabu cha namna hii mara nyingi hayafiki hata maneno 600.

Kurasa nazo hazichaguliwi ovyo. Karatasi kubwa hupigwa chapa pande mbili, hukunjwa, kisha hukatwa, kwa hiyo kurasa hutoka kwa mafungu, mara nyingi ya 8 au 16. Vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32 kwa sababu hiyo. Kabla ya kumtafuta mchoraji, chukua karatasi 8 za A4, zikunje katikati kwa pamoja, uzitie pini kwenye mkunjo. Una kurasa 32 mkononi. Toa za jina la kitabu na za haki, kisha gawa hadithi yako kwa penseli kwenye zilizobaki. Hapo utaona mambo ambayo kompyuta huficha: swali likikaa ukurasa wa kulia na jibu nyuma yake, mtoto atataka mwenyewe kufungua, uso wa mhusika ukiangukia kwenye mkunjo, utamezwa.

Mchoraji ndiye gharama kubwa na ndiye uamuzi mkubwa. Ukimpata wa mbali ambaye hajapanda boti kutoka Mokowe kuvuka kuja Amu, usishangae akikuchorea vibanda vya duara vya nyasi, twiga kwa nyuma, na jahazi lenye matanga ya mraba. Si kosa lake, hukumwambia. Mpelekee picha za simu: kichochoro chenyewe jinsi kinavyobanana, baraza za mawe, mlango wa nakshi, bibi wa buibui na bibi wa kanga, mashua na tanga lake la pembetatu kutoka pembe mbalimbali, seremala wa mashua wa Matondoni na shoka lake. Watoto wa Amu watajua mara moja kamba ikifungwa pasipo pake, na hawatakusamehe.

Mtake michoro ya penseli ya kitabu kizima kabla hajatia rangi. Kurekebisha penseli ni kazi ya saa moja. Kurekebisha rangi ni kuanza upya, na atakudai. Mlipe kwa awamu: kiasi cha kuanzia, kiasi penseli zikikubaliwa, kilichobaki akikukabidhi faili za mwisho. Faili hizo ziwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi wa kitabu, na picha zivuke ukingo wa ukurasa kwa milimita 3 hivi ili kisu cha kiwandani kisiache mstari mweupe. Rangi za skrini ni za mwanga na za kiwandani ni za wino, kwa hiyo ile bahari ya samawati inayong'aa kwenye simu itatoka imepoa kidogo. Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuruhusu zote.

Andikeni mkataba, hata kama mchoraji ni mtoto wa shangazi yako. Nchini Kenya hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa au kuchorwa, bila kusajiliwa, na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki, ni hiari, ingawa cheti chake husaidia ukizuka ugomvi. Karatasi yenu iseme wazi picha ni za nani, na kama unaweza kuzitumia kwenye bango, kalenda au toleo la lugha nyingine.

Nambari ya kitabu, ISBN, ina tarakimu 13, na za Kenya huanza kwa 978-9966 au 978-9914. Huombwa kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS. Toleo la karatasi na toleo la kusomwa kwenye simu kila moja lina nambari yake. Nambari hiyo haikupi hakimiliki wala haimaanishi kitabu kimeidhinishwa kwa shule. Kuidhinisha vitabu vya mtaala ni kazi ya KICD, taasisi ya mitaala ya taifa, na ni mlango mwingine kabisa. Kwa kitabu cha kwanza mimi nisingeukimbilia, kwa sababu ukiwa nje yake una uhuru wa kumwachia nyanya wa hadithini amwite mjukuu kwa Kiamu, "ndoo" badala ya "njoo", kama anavyomwita nyumbani.

Hesabu ndiyo huvunja watu moyo, basi tuifanye kwa tarakimu za mfano. Mchoraji sh. 80,000. Mhariri na mpangaji kurasa sh. 20,000. Nakala 500 kwa sh. 180 kila moja, sh. 90,000. Mzigo kutoka Mombasa kwa basi, kisha boti, kisha mkokoteni, sh. 5,000. Jumla sh. 195,000, yaani sh. 390 kwa nakala. Ukiuza sh. 600 na duka likachukua theluthi, unabaki na sh. 400. Faida ni sh. 10, tena zikiisha zote. Ukiuza kwa mkono wako mwenyewe, madrasani, shuleni kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, au uwanjani Mkunguni siku za tamasha watu wanapojaa, faida ni sh. 210. Ndiyo maana wanaojichapishia wengi huishia kuwa wachuuzi, na hakuna aibu.

Wengine hukwepa makasha kwa kuchapa nakala pale tu inapoagizwa. Wazo si geni kwetu: waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walionakili misahafu kwa mkono nao hawakuwa na ghala la kujaza. Lakini huduma za mtandaoni za namna hiyo kwa kawaida huchapa ng'ambo, na kukileta kitabu chembamba cha rangi mpaka Amu kunaweza kuzidi bei yake. Zinafaa kwa jamaa walioko Uingereza au Marekani. Kwa soko la hapa, mashine ya dijitali ya Mombasa inatosha kwa nakala chache, na ofset, ile mashine kubwa ya kiwandani, huanza kuwa nafuu zikiwa nyingi, maana gharama ya kuiandaa ni ile ile uchape 100 au 3,000.

Nakala zikifika, zifunge kwenye nailoni na uziinue kutoka sakafuni. Unyevu wa hewa ya pwani hukunja jalada upesi. Na faili za mwisho ziweke mahali pawili, kwa sababu chapa ya pili haina mchoraji wa kulipwa wala mhariri: kwa mfano wetu ni sh. 190 kwa nakala, na hapo hata duka likichukua theluthi yake bado unabaki na sh. 210.