Msaada wa manispaa si fungu la mtu: dhana potofu kuhusu General Assistance huko Maine

"Hela niliyoipata mwenyewe ni yangu, msaada wa mji ni wa mji." Kauli hii ndiyo iliyonifanya niandike. Naisikia kwa watu waungwana na wenye akili timamu, wengi wao kutoka Kivu, Katanga na Burundi, waliofika Portland, Lewiston na miji mingine ya jimbo la Maine, Marekani, kuomba hifadhi, na karibu kila mara naisikia wakati barua ya kupunguziwa msaada imeshafunguliwa na iko mezani. Wanaamini kwamba General Assistance, yaani msaada wa manispaa kwa wasioweza kugharimia mahitaji ya msingi, au GA kama sote tunavyoiita, ni fungu ambalo kila familia hutengewa kwa mwezi, na kwamba fungu hilo halihusiani na jinsi walivyotumia fedha walizopata wao wenyewe. Sijaona dhana iliyowaumiza waombaji kuliko hii.

GA haina fungu la mtu. Sheria ya Maine inaitaka kila manispaa iendeshe mpango huu, na jimbo hurejesha asilimia 70 ya kilichotumika. Kinachotolewa ni vocha inayolipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kampuni ya umeme au duka. Mwombaji hakabidhiwi fedha taslimu. Kiasi cha vocha hutoka kwenye hesabu. Afisa huchukua gharama zako halisi za mahitaji ya msingi, kila moja ikiwa ndani ya kikomo chake, kisha anatoa kipato chako. Halafu anachukua kikomo cha jumla kilichowekwa kwa familia yenye idadi yenu ya watu, na hapo pia anatoa kipato chako. Majibu yanakuwa mawili, na isipokuwa pale penye dharura, unapewa lililo dogo.

Tuseme kodi ya nyumba na umeme ni dola 1,700, zote ndani ya vikomo, na kikomo cha jumla ni dola 2,000. Chakula nakiacha kando ili hesabu iwe fupi. Unatarajia kupata dola 900 katika siku 30 zijazo. Kwa hesabu ya kwanza pengo ni dola 800, kwa hesabu ya pili ni 1,100, kwa hiyo mji utachangia 800. Mpaka hapo wengi hunifuata bila shida. Shida huanza mwezi unaofuata, kwa sababu msaada hauidhinishwi kwa zaidi ya mwezi mmoja na ni lazima uombe upya, na safari hii afisa anauliza swali ambalo hakuuliza mwanzo: zile dola 900 zilikwenda wapi?

Hapa ndipo mahali pa kuelewa vizuri. Mtu anayeomba GA kwa mara ya kwanza kabisa hapimwi kwa matumizi yake ya siku 30 zilizopita, bali kwa hali aliyonayo na kwa kipato anachotarajia. Anayerudi ni lazima aonyeshe kwamba kipato chake kilikwenda kwenye mahitaji ya msingi, na kile asichoweza kukionyesha huhesabiwa kana kwamba bado kiko mfukoni. Kwa hiyo kama kati ya zile 900 ulituma 300 Bukavu, mwezi unaofuata unahesabiwa kuwa na 900 unazotarajia pamoja na zile 300 ambazo huna tena, jumla 1,200, na pengo linalojazwa linashuka kutoka dola 800 hadi 500. Hujanyang'anywa kitu na afisa hakukuchukia. Ndivyo hesabu ilivyo, na ingetoka hivyo hivyo hata kama mwenye kalamu angekuwa mjomba wako. Na kwa kuwa mara ya kwanza mambo yalipita kwa ulaini, watu hudhani kwamba kanuni zimebadilishwa au kwamba afisa mpya ni mkali.

Mahitaji ya msingi ni nyumba, chakula, mavazi, umeme, mafuta ya kupashia nyumba joto, na matibabu ya lazima aliyoyaelekeza daktari. Simu huingia tu pale inapohitajika kwa sababu za kiafya, jambo ambalo hakuna mteja anayeniamini ninapolisema. Intaneti, faini za mahakama, zawadi, ada za wanasheria na marejesho ya mikopo isiyo na dhamana haviingii. Katika jamii yetu orodha hiyo ina majina mengine: likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu), mchango wa msiba, fungu la kumi, na deni la safari kwa yule aliyekukopesha nauli ya kutoka Brazil hadi mpaka wa Marekani. Najua uzito wa madeni hayo, na najua kwamba mama aliyeachwa Uvira hawezi kuelezwa habari za vikomo vya Maine. Simwambii mtu asitume. Ninachomwambia ni kwamba ofisi haitaihesabu fedha hiyo kuwa imetumika, na kwamba anapaswa kulijua hilo kabla ya kutuma, wala si baada ya kupokea barua.

Ushauri wangu, ambao wateja wamechoka kuusikia, ni huu: kipato kikiingia, lipa kwanza kodi ya nyumba na umeme, ulipe kwa hundi au kwa njia nyingine inayoacha karatasi, risiti iingie kwenye bahasha siku hiyo hiyo, na bahasha iende nawe ofisini. Ukimpa mwenye nyumba fedha mkononi bila risiti, kwa macho ya ofisi hujalipa. Pia usikubali akaunti yako iwe njia ya kupitishia fedha za watu. Shemeji wa Texas anapokutumia dola 400 ili umfikishie mtu mwingine, taarifa yako ya benki inaonyesha kwamba umepata dola 400, na utatumia asubuhi nzima kujieleza.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya haya yote ni kuficha, yaani kutotaja kibarua cha wikendi au akaunti ya pili. Anayebainika kutoa taarifa za uongo kwa makusudi hukosa haki ya GA kwa siku 120 na anaweza kushtakiwa. Kipato kilichotajwa kinapunguza vocha. Kilichofichwa kinaweza kuifuta. Sielewi kwa nini jambo hili linahitaji mjadala.

Dhana nyingine potofu ni fupi.

"Jirani anapata zaidi yangu." Jirani ana idadi nyingine ya watu, kodi nyingine na kipato kingine, na pengine haishi na watu watatu katika nyumba moja kama wewe. Wanaochangia nyumba huhesabiwa kila mmoja sehemu yake ya gharama za pamoja, hata kama mkataba una jina la mmoja tu.

"Ni lazima uwe umekaa mjini miezi kadhaa." Si kweli, hakuna muda wa ukaazi unaodaiwa. Kinyume chake nacho si kweli: kuhama kutoka Portland kwenda Lewiston hakukurudishi kuwa mwombaji wa mara ya kwanza, kwa kuwa kinachoangaliwa ni kama umewahi kuomba popote katika jimbo.

"Waomba hifadhi hawaruhusiwi." Sheria iliyopitishwa mwaka 2015 iliwafungulia mlango walio katika mchakato halali wa kuomba nafuu ya uhamiaji, kama vile hifadhi, kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa hiyo nakala ya ombi lako la hifadhi ni karatasi ya kuja nayo ofisini, si ya kuifungia sandukuni.

"Ukipokea msaada utanyimwa green card." Mkimbizi, na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi, wameondolewa na sheria ya Marekani kwenye kipimo cha kuwa mzigo kwa umma wanapoomba ukaazi wa kudumu. Aliye katika njia nyingine, kwa mfano anayeombewa na mume au mke, amuulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu, wala asiwaulize marafiki wa kundi la WhatsApp.

"Watalipa madeni yangu ya kodi ya nyumba." GA huangalia siku 30 zijazo. Malimbikizo huguswa penye dharura tu, kwa mfano pale mtu anapokaribia kufukuzwa katika nyumba, na hata hapo ofisi inaweza kukataa ikiona kwamba ulikuwa na fedha za kuizuia dharura hiyo na hukufanya hivyo. Nenda mapema. Sijui ni mara ngapi nimeletewa amri ya mahakama na mtu ambaye angekuja wiki tatu kabla tungekuwa na la kufanya.

"Ni mkopo." Hakuna marejesho ya kila mwezi, lakini sheria inaupa mji haki ya kudai katika hali fulani, kama vile unapolipwa malimbikizo ya SSI, yaani malipo ya serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo. Soma unachotia sahihi.

La mwisho linanisikitisha kwa namna nyingine, kwa kuwa linatokana na heshima. Watu wetu wengi wakiambiwa "hapana" dirishani husema asante na kuondoka, wakiamini kwamba neno la mkubwa limekwisha na kwamba kubisha kutawaharibia kesi ya hifadhi. Rufaa ya GA inahusu GA. Si ombi kwa idara ya uhamiaji. "Hapana" ya mdomo nayo haitoshi. Kila mtu ana haki ya kujaza fomu ya maombi, na ofisi inapaswa kumpa uamuzi wa maandishi ndani ya saa 24 tangu alipoomba, ukieleza sababu. Asiporidhika ana siku tano za kazi baada ya kupokea uamuzi huo kuomba asikilizwe, na kikao kinapaswa kufanyika ndani ya siku tano za kazi baada ya ombi lake, mbele ya mtu ambaye hakuhusika na uamuzi wa kwanza. Njoo na bahasha ya risiti, na uombe mkalimani siku ile ile unapokata rufaa.