Murua si ua

Juzi nimerudishiwa mswada niliouhariri, na pembeni mwa maneno "alikuwa mzee mwenye murua" mtu kaandika kwa wino mwekundu: "Murua ni kivumishi. Andika: mzee mzuri." Nikacheka. Chini yake akanifunza na asili: eti murua limetokana na ua, kwa kuwa ua hupendeza. Hapo kicheko kikakatika. Hiyo ya ua nimeshaisikia darasani, kwenye kundi la WhatsApp la waandishi, hata harusini. Sasa basi.

Sarufi kwanza, upesi. Kivumishi chenye asili ya Kibantu hufuata ngeli: mtu mzuri, kitu kizuri. Murua halimfuati mtu: mtu murua, kitu murua, nyimbo murua, kama wafanyavyo safi, ghali na rahisi, wageni wenzake kutoka Kiarabu. Tena itazame hiyo mu- iliyobaki nzima mbele ya konsonanti, kama katika muda, muhimu na muhula. Neno la Kibantu lingekuwa limeshaimeza hiyo u, kama mtu na mti. (Utaniletea muhogo na mume. Najua. Kanuni hii inavuja, ndiyo maana sikuanza nayo.)

Kiarabu chenyewe ni muruwa, kutokana na mar', yaani mtu, mwanamume. Mshairi Imru' al-Qays wa karne ya 6 ana mzizi huohuo kwenye jina lake. Kwa Waarabu wa kabla ya Uislamu, muruwa ilikuwa kusimama imara vitani, kumchinjia mgeni ngamia hata mali ikiwa haba, kutimiza ahadi, kumlinda aliyekimbilia hemani kwako, na kulipa kisasi cha damu. Ushujaa na ukarimu, kapu moja. Warumi nao walitoa virtus, ushujaa, kwenye vir, mwanamume. Wafaransa wakapitia kwa farasi: chevalerie, uungwana wa wapiganaji, kutoka cheval, farasi. Na wanaoniambia kwamba basi ni neno la wanaume tu, mzizi huohuo ndio uliozaa mar'a, mwanamke.

Mwaka 1889 Ignaz Goldziher, mtaalamu wa Kihangaria wa masomo ya Kiislamu, aliiweka muruwa upande mmoja na dini upande wa pili, kama mahasimu. Kwa kisasi cha damu namkubalia. Lakini wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hawakuitupa muruwa, waliipeleka mahakamani. Shahidi alitakiwa awe nayo, na wapo waliosema kula sokoni mbele za watu kunaitoboa, hivyo ushahidi wake una walakini. Kula tu! Ukimwambia hivyo kijana anayetafuna muhindi wa kuchoma kituoni atakuona umechanganyikiwa. Mimi nilipokuwa mdogo nilitoka mlangoni na kitumbua mkononi, bibi akanivuta kwa ukosi wa shati: "Keti ule, mjukuu wangu. Huna murua?" Bibi hakuwahi kufungua kitabu cha fiqhi.

Sasa, ujasiri uliishia wapi? Naona Kiswahili hakikuuhitaji ndani ya murua, kwa sababu kilishachukua shujaa, nalo la Kiarabu. Shujaa akabeba vita, murua ikabaki na adabu. Kisha adabu ikateleza ikawa sura: mwenendo wa murua, halafu mwenendo murua, halafu sauti murua, leo goli murua. Hiyo "wa" ilivyodondoka naifananisha na safari ya salama iliyokuwa safari salama. Ni dhana yangu. Mwenzangu mmoja huipinga kila tukikutana, na siku nyingine hunitikisa. Na mtangazaji wa mpira sina ugomvi naye. Neno likihama limehama, aseme pasi murua mpaka kipenga cha mwisho. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba aliyebaki nyumba ya zamani kapotea njia.

Turudi kwenye mswada. Yule mzee, kurasa mbili nyuma, kagongewa mlango usiku na askari wanaomtaka kijana aliyeomba hifadhi kwake. Mzee kasimama kizingitini na msuli wake, kawaamkia vizuri, kawakaribisha kahawa, na kijana hakumtoa. Weka hapo "mzee mzuri" uone. Nimeifuta ile wino nyekundu nikaandika pembeni: ibaki.