Tumbo la mtoto, usaha usiokoma, na kipimo cha VVU kilichosoma hasi

Tarehe 22 hadi 29 Aprili kila mwaka ni wiki ya dunia ya kuelimisha umma kuhusu upungufu wa kinga wa kurithi. Kliniki yetu ya watoto huulizwa swali lile lile: "Daktari, tumepima mara mbili hana virusi, mbona mnatuambia habari za kinga?" Ni kweli, hana VVU. Si kila upungufu wa kinga ni UKIMWI, na hili tumelisema sana.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni granuloma sugu, ambao madaktari huuandika CGD. Humpata takribani mtoto 1 kati ya 200,000. Chembe nyeupe zake humeza bakteria na kuvu vizuri tu, ila haziwezi kuwaua. Chembe nyingine hujazana mahali hapo na kufanya uvimbe. Ukitokea pale tumbo linapokutana na utumbo, chakula hakipiti: mtoto anakunywa vijiko vitatu vya uji, anasukuma kikombe, baada ya muda anautapika wote. Ukiwa utumbo mpana, anaharisha damu, anakonda, anatoka majipu na fistula (vijitundu vinavyovuja) kando ya njia ya haja kubwa. Kati ya wagonjwa 140 waliofuatiliwa na NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, karibu theluthi walikuwa na matatizo ya tumbo ya aina hii.

Hiyo si minyoo. Mtoto aliyekwishapewa dawa ya minyoo mara nne bila nafuu asipewe ya tano, aletwe, hasa kama sehemu ya chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, haikauki, tezi za kwapani zimevimba, au aliwahi kupata jipu la ini. Tutauliza kama mama alifiwa na kaka wakiwa wadogo, kwa kuwa aina iliyo ya kawaida zaidi hupitia kwa mama na kuwapata wavulana. Hatutafuti wa kulaumiwa.

Kuhusu kipimo cha CGD, naomba tusikilizane. Damu huchukuliwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijani, yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Isiwekwe kwenye barafu wala friji. Ifike maabara ndani ya saa 24, ikiambatana na damu ya kulinganishia ya mtu mzima wa afya asiye ndugu, iliyotolewa wakati huo huo. Fomu iandikwe tarehe na saa. Sampuli isiyo na saa hurudishwa, na mtoto huchomwa sindano upya. Hospitali ipige simu maabara kwanza, na isitume Ijumaa jioni.

Akithibitika, hunywa kotrimoksazoli (septrini) ya kuzuia bakteria na itrakonazoli ya kuzuia kuvu kila siku. Familia nyingine huficha vidonge, kwa sababu jirani akiona septrini anawaza CTC, kliniki ya wenye VVU. Msiviache kwa ajili ya jirani. Dawa za kutuliza uvimbe wa utumbo zitolewe na bingwa peke yake: zile za kuzuia TNF (kemikali ya mwili inayochochea uvimbe), zinazowafaa wagonjwa wengine wa utumbo, kwa hawa zimeleta maambukizi mazito na hata vifo. Upandikizaji wa uboho unaweza kuponya, akipatikana mchangiaji anayelingana.

Wala hakuna ruhusa hapa ya kukwepa chanjo. Ratiba ya kliniki iendelee, isipokuwa bingwa aseme vinginevyo. Kwa mdogo wake atakayezaliwa, BCG ndiyo isubiri vipimo. Basi mama akishika mimba, atuambie mapema, maana chanjo hiyo hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa, na mkunga wa zamu hawezi kujua habari za kaka yake.