Mvua haina neno, angalia upepo unaoitangulia

Tulikuwa Unguja na familia mwanzoni mwa Desemba, watoto wamefunga shule, na siku tuliyopanga kuvuka kwa boti kwenda kisiwa kidogo cha Changuu ndiyo siku hali ya hewa ilituharibikia. Kazi yangu ni utabiri wa hali ya hewa, kwa hiyo tangu tumerudi ndugu wananiuliza swali moja tu, we si ulijua mvua ipo, mbona ulipeleka watoto baharini? Nalijibu hapa kwa urefu maana naona watu wengi wanausoma utabiri tofauti kabisa na tunavyouandika.

Taarifa ya asubuhi ilisema vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache. Wengi wakisikia hivyo wanajua ni manyunyu. Hapana jamani. "Maeneo machache" ni habari ya eneo, siyo habari ya ukali. Sehemu kubwa ya kisiwa itashinda kavu, ila pale itakaponyesha inaweza kunyesha ya kufa mtu. Na alfajiri hakuna mtabiri wa kukwambia itakuwa Mkokotoni au Mji Mkongwe, kwa sababu saa hizo wingu lenyewe bado halijazaliwa.

Huku kwetu karibu na ikweta mvua nyingi haziji na safari ndefu, zinapikwa hapo hapo mchana. Jua likipanda nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari, hewa ya juu yake inapanda, basi upepo wa bahari unaingia toka mashariki na mwingine toka magharibi, na Unguja hata penye upana mkubwa ni kama kilomita 39 tu, kwa hiyo hizo pepo mbili zinakutana katikati ya kisiwa na hazina pa kwenda isipokuwa juu. Wingu linaumuka kama mkate wa mofa, kilele chake kinaweza kupita kilomita 12. Halafu pepo za upande wa mashariki zinalisukuma kuelekea mjini, na Changuu iko kaskazini-magharibi ya mji. Ndiyo maana unakaa ufukweni unatazama bahari imetulia na jua linawaka, kumbe mambo yako mgongoni kwako. Ukiwa upande huo, geuka utazame nchi kavu.

Mpango wangu ulikuwa tuondoke saa mbili, saa sita tuwe tumerudi. Aliyetuuzia safari akasubiri wateja wengine wajaze boti, tukang'oa nanga saa tano kasoro. Hapo ndipo nilipokosea, nilitakiwa niahirishe, na nimemwambia hivyo mke wangu.

Saa nane kasoro watoto wanalisha kobe majani, wale wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Juu ya mji kulikuwa kumeshakuwa kweusi, chini ya wingu pamenyooka kama paa la bati. Mara upepo ukakata kabisa. Majani hayatikisiki, jasho linatoka tu. Kisha nikasikia ubaridi shingoni, ubaridi wa kufungua friji, na harufu ya udongo uliolowa, wakati tulipo hakuna hata tone.

Hiyo ndiyo dalili nataka mtu akariri. Mvua ikianguka ndani ya hewa kavu chini ya wingu, sehemu yake inageuka mvuke na kuipoza ile hewa, hewa ikipoa inakuwa nzito, inaporomoka na kutawanyika juu ya maji kama ndoo iliyomwagwa sakafuni. Inafika kabla ya mvua, wakati mwingine dakika kumi kabla, na ndiyo inayopindua mashua. Tahadhari za bahari zinazotaja upepo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2 ni za hali iliyotanda eneo kubwa, lakini wingu moja kama hili linaweza kukupiga kwa nguvu hiyo robo saa tu, siku ambayo hakuna tahadhari yoyote.

Kuna baba mmoja wa kikundi chetu alitaka tuwahi kuvuka kabla haijanyesha. Nahodha wetu, kijana tu, akamwambia, "Mzee wangu, mvua haina neno, acha huu upepo upite kwanza." Nilitamani nimkumbatie. Tukaingia kwenye jengo la zamani, siyo chini ya miti, na binti yangu nikampa kazi ya kuhesabu kutoka mwanga wa radi hadi mlio. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, ikiwa chini ya thelathini radi iko ndani ya kilomita 10, hutoki. Alifika hesabu ya nne tu, akanishika mkono. Baada ya ngurumo ya mwisho tukakaa nusu saa nzima, ndiyo tukavuka.

Boti ya jioni ya kuturudisha nyumbani ilituacha, tukalala mjini usiku mmoja zaidi na hela ya tiketi ikapotea, siyo shida. Kinachonikosesha amani ni kwamba laifu jaketi zote za boti ile zilikuwa saizi ya watu wazima. Mtoto wa miaka mitano akianguka majini nayo, jaketi linapanda juu na yeye anachomoka chini. Nilimfunga mwanangu mdogo mkanda wa kupitisha katikati ya miguu kwa mtandio wa mama yake, nikakaa nimemshika hadi tukafika Forodhani, mjini.