Gari la umeme la watu wawili: nani hasa anadai unafuu wa kodi?

Marekani ilifunga mlango wa unafuu wa kodi kwa wanunuzi wa magari ya umeme tarehe 30 Septemba 2025, kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai mwaka huohuo. Waliowahi kabla ya hapo bado wana haki yao, na wanaobishana zaidi ni walionunua kwa ubia: ndugu wawili, wachumba, mama na mwanawe.

Dhana: "Tulichanga nusu kwa nusu, kila mmoja atadai dola 3,750."

Hapana. Unafuu huu, ambao kwa gari jipya ulifika dola 7,500, haugawanywi kati ya wenye gari. Hata mkiwa watatu, anayedai ni mmoja tu. Nadhani hiyo 3,750 ndiyo inayowachanganya watu, maana kweli imo katika sheria: nusu moja ya unafuu ilitegemea madini ya betri yalikotoka, nusu nyingine vipuri vya betri vilikotengenezwa. Hesabu hiyo ni ya betri, haihusu nani alichanga nini.

Dhana: "Basi tutakubaliana wenyewe wakati wa kujaza fomu za kodi."

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Uamuzi ulifanyika siku ya mauzo, mezani kwa muuzaji. Yeye aliandika ripoti yenye jina na namba ya kodi ya mnunuzi mmoja, na tangu 2024 alitakiwa kuituma IRS, mamlaka ya kodi, kwa mtandao ndani ya siku tatu. Aliyeandikwa humo ndiye mwenye kudai. Jina lako linaweza kuwa kwenye hati ya umiliki, kwenye mkopo na kwenye bima, lakini kama halimo katika ripoti hiyo, huna cha kudai.

Wanandoa wanaowasilisha kodi pamoja wao hawana shida: jina la yeyote kati yao linatosha. Wakiwasilisha kila mtu kivyake, wanakuwa kama wabia wengine wowote.

Dhana: "Jina lolote ni sawa, pesa ni ileile."

Siyo ileile. Chukua ndugu wawili: kodi ya mapato ya mkubwa kwa mwaka ni dola 9,000, ya mdogo ni 5,000. Mkubwa akiandikwa, anapata 7,500 yote. Mdogo akiandikwa na kusubiri kudai mwenyewe, anapata 5,000 tu, kwa kuwa unafuu haupiti kodi anayodaiwa. Zile 2,500 zinapotea, hazirudishwi mkononi wala hazihamishiwi mwaka unaofuata. Tangu 2024 palikuwa na njia ya kukwepa hasara hiyo: kumwachia muuzaji unafuu wako, naye akakupunguzia bei palepale. Kwa njia hiyo udogo wa kodi yako haukuwa kizuizi.

Kipato nacho kina ukomo: dola 150,000 kwa asiye na ndoa, 225,000 kwa mkuu wa kaya (asiye na ndoa anayegharimia nyumba yenye mtegemezi wake), na 300,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja. Kinachopimwa ni kipato cha yule anayedai, wala hakijumlishwi na cha mbia wake. Inatosha awe chini ya ukomo mwaka wa kupokea gari au mwaka uliotangulia. Aliyepunguziwa bei kisha akaonekana kuvuka ukomo miaka yote miwili, huzirudisha pesa hizo kwa IRS.

Dhana: "Gari lilifika Oktoba, kwa hiyo tumechelewa."

Si lazima. Kama mkataba wa maandishi unaowabana ulisainiwa na malipo yakafanyika kufikia tarehe 30 Septemba, hata kama ni arubuni tu, unafuu unadaiwa gari linapopokelewa.

Dhana: "La mtumba sheria zake ni hizohizo."

Kwa wabia ndiyo, anadai mmoja. Viwango ndivyo tofauti: asilimia 30 ya bei, isiyozidi dola 4,000, kwa gari la bei isiyopita 25,000 lililonunuliwa kwa muuzaji rasmi, na ukomo wa kipato ni nusu ya ule wa gari jipya. Tena mtu anayeweza kuhesabiwa kuwa tegemezi wa mwingine hastahili. Kwa hiyo ile mbinu ya kumwandika mwanafunzi wa chuo anayelishwa na wazazi haifai kitu.

Dhana: "Tulishapunguziwa dukani, hakuna tena cha kujaza."

Kipo. Aliyeandikwa kwenye ripoti lazima ajaze Fomu 8936, ile ya IRS ya unafuu huu, katika kodi ya mwaka aliopokea gari.