“Talaka isiyopingwa” si lazima iwe talaka mliyokubaliana

“Yetu haina shida, haipingwi, hata wakili hatuhitaji.” Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, na wiki hii nimeyasikia tena kutoka kwa mtu ninayemjali. Nikamuuliza mmekubaliana nini. Akajibu: tumekubaliana kuachana. Nikauliza kuhusu watoto, nyumba na ule mkopo. Akasema hayo watayaongea baadaye, la muhimu ni kwamba mwenzake ameshasaini talaka. Katika jibu hilo moja mlikuwa na makosa matatu, na yote matatu yanaweza kumgharimu.

Maana kwanza. Talaka isiyopingwa ni ile ambayo mmoja wa wanandoa amepeleka maombi mahakamani, mwenzake amepelekewa nakala na wito kwa utaratibu rasmi, kisha hakuweka pingamizi. Ama amejibu kwa maandishi kwamba hapingi, ama amekaa kimya mpaka muda wa kujibu ukapita. Mahakama inasoma nyaraka, pengine inamsikiliza mwombaji kwa muda mfupi, na ikiridhika inatoa amri ya talaka. Hakuna mvutano wa mashahidi, kwa hiyo huchukua muda mfupi na gharama yake huwa ndogo.

Kinachowachanganya watu ni maneno yenyewe. “Talaka” tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kufungua na kuachilia kilichofungwa. Kiswahili kikalipokea kama kitu kinachopita mkono kwa mkono: huyu anatoa talaka, yule anapewa, mwingine anaidai, mwingine anaandikiwa. Usemi huo una mahali pake katika talaka ya Kiislamu, ambako mume anaweza kutamka mwenyewe. Mahakamani hali ni nyingine. Pale hakuna anayempa mwenzake talaka. Mmoja anaomba, mwingine anajibu, na mtoaji ni mahakama.

Ndiyo maana nashtuka nikisikia “ameshanisainia talaka”. Iangalie vizuri karatasi aliyoisaini. Mara nyingi ni majibu tu, yenye mstari unaosema amepokea maombi na hana pingamizi. Jioni ya siku hiyo bado ni mume na mke, na wataendelea kuwa hivyo mpaka amri itoke na ikamilike. Nchini Uingereza, kwa mfano, tangu Aprili 2022 zinapita angalau wiki 20 kati ya maombi na amri ya kwanza, ambayo ni ya masharti, kisha wiki 6 nyingine kabla ya kuomba amri ya mwisho. Kule California ndoa haivunjwi kabla ya miezi 6 kupita tangu mjibu maombi apelekewe nyaraka au afike mahakamani. Anayefunga ndoa mpya katikati ya muda huo akidhani saini ilimaliza kazi anajitia matatani.

Sasa njoo kwenye “kupinga”. Asili yake ni kulaza kitu kikingame njiani au mlangoni. Ndugu zake ni kipingo, kile kijiti cha kufungia mlango kwa ndani, na pingamizi. Talaka isiyopingwa basi ni mlango ambao hakuna aliyeuwekea kipingo. Neno linaishia hapo. Halisemi chochote kuhusu vilivyomo ndani ya nyumba, nani anachukua nini wala watoto wanalala wapi.

Kuna mambo matatu yanayorundikwa chini ya neno hili moja, na natamani tuyatenganishe.

Kutopinga ni msimamo wa mtu mmoja, mjibu maombi, na unaweza kuwa kimya kitupu. Makubaliano ni kazi ya watu wawili: yanaandikwa, yanataja mali, madeni, malezi na matunzo, na mahali pengi hupelekwa mahakamani yathibitishwe ndipo yapate nguvu ya amri. Talaka bila kosa ni sifa ya sheria ya nchi, kwamba mwombaji hahitaji kuthibitisha mwenzake alizini, alimtesa au alimtelekeza. California iliingia katika mfumo huo mwaka 1970. Nchi inaweza kuwa na talaka bila kosa na bado wanandoa wakabishana miaka juu ya nyumba. Na talaka inaweza kuwa ya kosa, mjibu maombi akaamua tu kutojibu.

Nguvu ya kipingo ilionekana wazi Uingereza mwaka 2018. Mke aliomba talaka, mume akapinga, na Mahakama ya Juu ikaona sababu za mke hazikutosha chini ya sheria ya wakati huo. Ilimbidi angoje itimie miaka mitano ya kutengana. Sheria mpya iliyoanza 2022 imekiondoa karibu kabisa kipingo hicho: tamko la mwombaji kwamba ndoa imevunjika linatosha, na mwenzake anabakiwa na sababu chache tu za kupinga, kama vile kwamba mahakama ile haina mamlaka au kwamba ndoa yenyewe haikuwa halali.

Lakini mali haimo katika tamko hilo. Kuna wanandoa wa huko huko waliopeana kisogo miaka ya 1980, talaka ikakamilika 1992, wote wawili wakiwa hawana kitu. Baadaye mume akatajirika kwa biashara ya umeme wa upepo. Mwaka 2011 mke wa zamani akafungua madai ya fedha, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema anayo haki ya kusikilizwa. Talaka ilikwisha zamani. Hesabu za fedha hazikuwa zimefungwa kwa amri yoyote.

Tanzania nayo ina somo lake. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa, shauri linapita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na mahakama lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mkiwa mmepatana kabisa kuachana, hatua hizo bado zipo, na hakimu bado ana swali la kujiuliza.

Kuhusu wakili, kosa ni kudhani kwamba kazi yake ni kupigana tu, kwa hiyo pasipo ugomvi hana kazi. Kazi yake kubwa katika talaka tulivu ni kusoma. Chukua sentensi inayopatikana katika makubaliano mengi ya kujiandikia: “Mume ataendelea kulipa mkopo wa benki.” Inasomeka vizuri na pengine mume anaikusudia kwa moyo wote. Lakini kama mke naye alisaini mkopo ule, benki haimo katika makubaliano yao. Marejesho yakikwama, benki itamdai mke kama ilivyokuwa ikiweza kumdai kabla ya talaka, naye atabaki na haki ya kumfuata mume, ikiwa mume ana cha kulipa. Wakili mzuri anaiona sentensi hiyo mara moja.

Wapo watu wanaoweza kwenda wenyewe. Ndoa fupi, hakuna mtoto, hakuna ardhi, madeni madogo, kila mmoja ana kipato na anajua alichonacho mwenzake. California ina hata njia ya mkato kwa ndoa isiyozidi miaka mitano, isiyo na mtoto wala nyumba au ardhi ya kumiliki, madeni na mali zikiwa chini ya kiwango kilichowekwa. Lakini wakiwepo watoto, ardhi, mafao ya uzeeni, biashara au mkopo wa pamoja, mtafute wakili. Mtafute pia kama mmoja yuko nchi nyingine, kama mwenzako tayari ana wakili wake, au kama hujui ana akaunti ngapi. Na kama umewahi kupigwa au kutishwa katika ndoa hiyo, usisaini chochote peke yako. Hapo “hakupinga” inaweza kuwa na maana ya “aliogopa”.

Si lazima umlipe kwa shauri zima. Mahali pengi unaweza kumlipa ausome mkataba wenu tu kabla ya saini. Ila msiende kwa wakili mmoja mkidhani anawatetea wote wawili. Anamtetea aliyemwajiri, na yule mwingine amekaa pale bila mtu wake.

Yule niliyemtaja mwanzoni nilimwomba abadilishe sentensi yake tu. Badala ya “yetu haina shida”, aseme “mwenzangu hajapinga talaka; watoto, nyumba na mkopo bado hatujakubaliana”. Aliirudia polepole, kisha akaniuliza ile karatasi ya mkopo ilisainiwa na nani.